Mashine Isiyotema Vumbi

Mke wa fundi alifungua mfuko wa nailoni, akauinamisha, na unga wa kijivu ukamwagika katikati ya sakafu safi ya duka.

"Mama! Unafanya nini?" Muuzaji, binti mwenye miwani, alichomoka nyuma ya kaunta.

"Najaribu mashine." Alizinyooshea kidole mashine za kunyonya vumbi zilizopangwa ukutani. "Washa hiyo ya kwanza."

Mumewe, fundi wa kukata vigae na mawe ya granaiti, alitazama pembeni kwa aibu. Walikuwa wamepanda ngazi za duka lile polepole, mume mbele, mke nyuma ameshika ukuta. Tangu asubuhi hofu ilikuwa imemkalia mwanamke yule kifuani kama jiwe. Kila alipoyafikiria majibu ya hospitali, pumzi ilimkatika.

"Utusamehe, dada," fundi alisema. "Mke wangu akishika jambo, haliachi mpaka lilie."

Mke alikuwa na sababu. Rafiki yao mmoja, fundi mwenzake waliyemwita Chuma kwa ajili ya nguvu zake, siku hizi hulala ameketi, ameegemea ukuta, akivuta hewa kama mtu anayekunywa maji kwa mrija ulioziba. Aliambiwa ni vumbi la mawe. Limeganda kwenye mapafu, na likishaganda halitoki. Mke wa fundi alikwenda kumjulia hali, akarudi nyumbani bila hamu ya kula. Wiki ileile mumewe akaanza kukohoa.

Hakumpa nafasi ya kubisha. Alimshika mkono mpaka hospitali, kama mtoto anayepelekwa kuchanjwa. Kule walipigwa picha ya kifua wote wawili, kwa sababu muuguzi alisema maadamu wamefika, hakuna haja ya mmoja kukaa bure kwenye benchi.

Muuzaji aliwasha mashine. Ilinguruma, na unga ukatoweka sakafuni kama uliolambwa.

"Umeona, mama? Imemaliza yote. Tena hii hata zulia la nyumbani inasafisha."

Mke wa fundi aliizunguka mashine. Aliwasha tochi ya simu, akachuchumaa, akamulika nyuma ya mashine, pale hewa inapotokea. Ndani ya mwanga, wingu jembamba lilikuwa likipanda taratibu, kama mvuke wa chai. Lilimfika usoni. Alikohoa mpaka machozi yakamtoka, ikabidi ashike rafu ili asimame.

"Inanyonya mbele, inatema nyuma," alisema alipopata sauti. "Hili jembamba, lisiloonekana, ndilo linaloua watu."

Muuzaji naye aliinama kuangalia. Alipoinuka, tabasamu la biashara lilikuwa limemtoka. Alikwenda mwisho wa duka, akarudi akiburuta mashine nyingine, nzito, yenye magurudumu.

"Hii ndiyo ya mafundi wa mawe. Bomba lake linafungwa kwenye grenda yenyewe inayokata jiwe, vumbi linanyonywa kabla halijaruka. Ina vichujio viwili. Na mfuko wake ukijaa unaufunga ukiwa humohumo ndani, unautoa, unautupa. Humwagi, hukung'uti." Akasita. "Ila bei yake imechangamka."

"Basi iache ichangamke peke yake," fundi alisema. "Mimi kazini navaa barakoa kutwa nzima. Halafu mimi na vumbi tumeshazoeana. Tukikutana asubuhi, linaniamkia."

"Chuma naye alikuwa na utani hivyohivyo," mkewe alisema.

Fundi akaivuta mashine kubwa karibu, akaichomeka kwenye umeme.

Unga uliobaki mfukoni ulimwagwa. Mashine kubwa ikanguruma kwa sauti ya chini. Mke wa fundi alimulika nyuma yake, akamulika pembeni, akamulika kwenye maungio ya bomba. Mwanga ulikuwa mtupu. Aliutazama muda mrefu, kama mtu asiyeyaamini macho yake.

"Hivi mama, unga wenyewe umeutoa wapi?" muuzaji aliuliza.

"Kwenye nguo zake. Kila jioni nikizikung'uta kabla ya kufua, napata wa kujaza kopo."

"Kila jioni?"

"Tangu tuoane."

Muuzaji alimgeukia fundi, akamtazama kwa huruma mtu mzima yule aliyekuwa akichezea swichi ya mashine.

Simu ikaita mkononi mwa mwanamke. Ilikuwa hospitali.

Fundi alipangusa viganja kwenye suruali, ingawa havikuwa na kitu. "Pokea wewe," alisema, na sauti yake haikuwa na utani tena. "Mimi sina moyo huo."

Mke alisogea mpaka kwenye ukuta uliotundikwa visahani vya kukatia mawe, akawapa mgongo. Moyo ulimwenda mbio, kifua kikabana.

"Daktari, niambie mimi kwanza," alinong'ona. "Yeye nitajua namna ya kumweleza."

"Mumeo hana neno, mama. Mapafu yake ni safi. Kikohozi kile ni mafua tu yaliyochelewa kuondoka."

Mke aligeuka kwa furaha, akamwinulia mumewe dole gumba. Fundi alijifunika uso kwa viganja, mabega yakamtikisika. Muuzaji, ambaye saa moja iliyopita hakuwajua, alipiga makofi.

"Mungu akubariki, daktari! Asante, asante sana. Basi karatasi zake tutakuja..."

"Mama, usikate. Kuna mtu karibu yako? Mwambie akupe kiti, ukae." Daktari alikohoa kidogo kusafisha koo. "Picha iliyonifanya nipige simu ni yako."