Mkwe Chini ya Bwawa

Mvua ilikuwa imenyesha huko juu mlimani, na maji yalikuwa yakipanda kwenye ukuta wa bwawa kama maziwa yaliyosahauliwa jikoni. Semboja, mlinzi wa lango la maji, alibonyeza king'ora ili watu watoke mtoni kabla hajafungua. King'ora kikakohoa, kikafa. Akachungulia bondeni, kisha akarudisha shingo upesi kama kobe. Aliyekuwa kule chini akifua mablanketi juu ya mawe, khanga imefungwa kifuani, alikuwa mama mkwe wake!

Kwao mwanamume hamtazami mkwewe, sembuse kumpigia kelele. Semboja akalipa bonde mgongo, akashika usukani wa lango, akapaza sauti.

"Enyi mawe! Maji yanakuja!"

Mama mkwe naye alikuwa mtu wa adabu zake. Akajifunika uso kwa blanketi bichi.

"Enyi mawe, mwambieni huyo bwana angoje. Blanketi la mjukuu bado sijalikamua."

"Mawe, maji hayana subira!"

"Mawe, kwani yeye alipokuja kuposa hakungojeshwa?"

Semboja akatazama miguu yake. Maji yalikuwa yamefika ukingoni, yanamlamba vidole vya miguu.

"Mawe, ametoka?"

Akatega sikio.

"Mawe! Nauliza, mkwe wangu ametoka?"

Mawe ni mawe. Hata chura hakuitika. Semboja akavua kofia, akawaomba radhi wazee wote wa ukoo, akafumba macho kwa nguvu, akageuka kutazama bondeni.