Dumu Lenye Alama Nyekundu

"Saini tu, Mama Tunu! Ni uongo wa mstari mmoja."

"Mstari huo ndio ndoa yangu yote," nikamjibu mume wangu, Mbaruku, nikaisukuma simu mbali.

Siku hizi kila ndoa lazima iwe imechaguliwa na Mtambo, ile mashine ya serikali ya kuoanisha watu. Sisi tuliokutana kwa bahati tumepewa hadi leo kusaini kwamba nasi tulichaguliwa. Usiposaini, ndoa inafutwa.

Mimi nilichaguliwa na nani? Nilikuwa kwenye foleni ya bomba na dumu langu lenye alama ya rangi nyekundu. Mbaruku naye lake alilipaka nyekundu. Nikajitwika la kwake, akanifuata hadi kwetu akinitukana, nami nikamtukana vizuri zaidi. Kesho yake akaja kunibebea maji. Watoto watatu wametokana na kosa lile, leo niseme ni kazi ya mashine?

"Mtambo ulituona tunafaana," Mbaruku akaanza kusoma maelezo tuliyoandikiwa, kwa sauti laini, kama mtu anayekumbuka kweli. Hapo ndipo nilipoogopa.

Nikamnyang'anya simu. Nikaandika: "Tuligombania dumu." Nikatuma.

Jibu likaja papo hapo: ndoa imefutwa, mgeni wa kiume aondoke kabla ya saa kumi na mbili jioni.

Mbaruku akavitazama viatu vyake mlangoni. Nikavichukua, nikavifungia kabatini, ufunguo nikautia kifuani.

"Mgeni gani anaondoka peku?" nikamwuliza. "Kaa tule."