Jina Kwenye Jani la Mwisho

Miaka thelathini Kantilal, mtunza vitabu wa hekalu la Wajaini, alishikilia kuwa kitabu kile kikongwe kinachokataza kuua hata mdudu kiliandikwa na mtawa wa madhehebu yake. Siku hiyo, mbele ya wapinzani wa madhehebu mengine ya Kijaini waliodai mwandishi ni wa kwao, akafunua jani la mwisho, lenye jina.

Akapigwa na butwaa. Palipokuwa na jina pana tundu, na mdudu mnene anamalizia herufi ya mwisho.

"Muue, ndugu yangu!" akamaka Hasmukh, kiongozi wa wapinzani, kisha akajiziba mdomo kwa viganja vyote viwili.

Ukumbi mzima ukamgeukia, macho yamewatoka pima.

Kantilal akampandisha mdudu kiganjani kwa unyoya wa tausi. Mdudu alikuwa bado anatafuna.