Ngedere na Mdanzi wa Kalunguyeye

Haya nimeyapata kwa wasemao, nami siwezi kukaa nayo.

Kalunguyeye, mjane mwenye miiba, alikuwa na mdanzi wake, mti wa matunda makali ya kutilia achari, yafananayo na machungwa. Ngedere akadai huo ni mchungwa, na machungwa yote ni ya ukoo wake.

"Hili ni danzi, mjukuu wangu," akasema Kalunguyeye, kaukalia mzizi, hang'oki.

"Mla mchwa wewe ndiye wa kunifunza majina?"

"Basi litafune mbele ya mama mkwe wako. Ukilimaliza bila kukunja uso, nahama."

Mama mkwe akaitwa, na Ngedere akatafuna mbele yake. Machozi yakamlenga, lakini uso hakuukunja, akalimaliza. Kalunguyeye akaanza kufunga virago.

Mama mkwe, kwa furaha, akamchumia kikapu kizima. "Kumbe unayapenda hivi, baba? Kula, nakutazama."

Ngedere akakitazama kikapu.

"Mama," akasema, "hayo ni madanzi. Ni ya bibi huyu."