Wimbo wa Kumi na Moja

Mke wangu hawezi tena kupiga wimbo wowote aliokwisha kuurekodi. Ndivyo mashine za siku hizi zilivyo: zikiuchukua wimbo, unatoka kabisa kichwani na vidoleni mwa mpigaji.

Albamu yake ni ya jazi, piano tupu. Saba ni nyimbo za zamani za watu wengine, tatu alizitunga mwenyewe. Studio ikataka mmoja zaidi.

"Baba Subira, umebaki ule wa mtoto tu," aliniambia. Aliutunga akimbembeleza binti yetu.

"Uweke, umalize. Subira ana miaka tisa, habembelezwi tena."

Nilikuwa nimechoka na mambo ya studio.

Jana Subira alishikwa na homa, akauomba wimbo wake. Mama yake alikaa kwenye piano, akaweka mikono, kisha akaitoa. Nikawasha albamu.

"Huyu mama anapiga, bwana," mke wangu akasema.

"Mama, si ni wewe!"

"Najua, mwanangu. Wameniandika kwenye jalada."

Subira akageukia ukutani.

Zimetoka nyimbo saba za watu, tatu za mke wangu, na mmoja wa mtoto. Huo mmoja niliutoa mimi.