Kijiko Kimoja

Jokébed alishtuka kujikuta mlangoni pa wodi bila kukumbuka njia aliyopita. Mkono mmoja ulishika sufuria ya uji. Mwingine ulikuwa kwenye ncha ya kitenge chake, pale alipofunga fundo dogo, na vidole vilikuwa vinalipapasa vyenyewe.

Aliviondoa haraka. "Yesu, linda mawazo yangu," alinong'ona. "Leo tu. Ya kesho nitakuomba kesho."

Akina mama wa kanisa lao pale Butembo walikuwa na kazi njema: mgonjwa asiye na ndugu wa kumpikia, wao walimpikia kwa zamu. Hospitali hutoa kitanda na sindano. Chakula ni juu ya watu wako. Mwanamume wa kitanda cha saba hakuwa na watu. Alianguka na pikipiki njia ya Kipese, mikono yote miwili ikavunjika, hivyo ilibidi alishwe kama mtoto. Zamu ya kwanza ilimwangukia Jokébed, mjane aliyehamia kutoka upande wa Beni na bintiye mdogo, Shalom. Siku hiyo alimlisha mbiombio apate kurudi sokoni, naye mgonjwa akacheka kidogo.

"Pole-pole, mama. Haraka ya nini?"

Sauti hiyo Jokébed aliijua. Aliisikia siku moja tu, miaka miwili iliyopita, mumewe Mathe akiwa bado hai, na tangu siku hiyo haikumtoka. Uji ukamwagika kwenye shuka.

Jioni ileile alizunguka kwa wenzake, nyumba kwa nyumba, akaomba zamu zao za kitanda cha saba. Zote.

Basi, moyo wake haukuwa wake tena. Akifua, anamwona. Akifungua Biblia, anamwona. Kwaya ikiimba, yeye yuko wodini, ameinama juu ya kitanda kile, anafanya jambo ambalo hata kulitaja mbele za Mungu aliona haya. Na kilichomtisha kuliko vyote ni kwamba wazo lile lilikuwa tamu. Alilifukuza kwa zaburi. Likatoka, likakaa kizingitini, likamngoja amalize kusali.

Watu nao wana macho. Desturi ya huku, anayeleta chakula huonja kwanza, ili mlaji asiwe na wasiwasi. Lakini kuonja ni kidogo tu, pembeni ya bakuli, kisha kijiko hubadilishwa. Jokébed alikuwa anakula kijiko kizima, anameza akimtazama yule mwanamume, halafu anamlisha kwa kijiko kilekile. Wiki nzima. Maneno yakafika kwa Mama Godelive, kiongozi wa akina mama, na Mama Godelive si mtu wa kulaza neno. Leo alikuwa anamngoja kando ya mlango.

"Mama Jokébed, ngoja kwanza. Juu ya nini zamu ya ule mutu unakamataka weye tu?"

"Hana mutu, mama."

"Na weye hauna bwana. Nani haoni? Munakula na kijiko moja!" Akashusha sauti. "Mutoto yangu, mawazo ni mulango. Ukiacha wazi kidogo tu, mbuzi itaingia, na mwizi nyuma yake. Dimanche, siku ya kanisa, kuna Meza ya Bwana. Unataka nikupeleke mbele ya bazee ba kanisa?"

"Uniombee," alisema Jokébed, na machozi yakamlengalenga. "Mi nachoka kupigana, mama. Leo nachoka kabisa."

Akaingia. Mama Godelive alibaki mlangoni, mikono kifuani.

Mgonjwa alikuwa amechangamka. Rangi imemrudia, mashavu yamejaa. Jokébed aliona kuwa ni uji wake uliomnenepesha.

"Unaniangaliaka sana, mama," alisema yule mwanamume. "Tulishaonana?"

"Hatukuonana."

Hilo lilikuwa kweli. Akamimina uji kwenye bakuli, akalipakata. Mwanamume akafumba macho, akafungua kinywa, akangoja.

Jokébed hakuonja. Mkono wake ulishuka kwenye kitenge. Fundo lilikaza, akalivuta. Mzunguko wa kwanza ukalegea. Wazo liliingia lote, likajaza nyumba, na zaburi zote zikamkimbia. Mzunguko wa pili ukaanza kulegea.

Mama Godelive aliona vidole, akaelewa alichoelewa. Alivuka wodi kama mama mwenye nyumba aliyesikia kuku wanapiga kelele, akamshika Jokébed kiwiko, akamtoa nje na bakuli lake mkononi.

"Dawa ya kuvuta banaume! Mu hospitali! Leta hapa!"

Mama Godelive alimalizia kulifungua fundo kwa meno. Alitegemea unga wa mganga, au barua. Kikamdondokea kiganjani kipakiti kidogo chenye picha ya panya, bado hakijachanwa.

Mama Godelive alikigeuza, akakigeuza tena. "Nyamuhanga wetu," alisema taratibu, akimwita Mungu kwa lugha ya nyumbani. "Jokébed. Ule mutu ni nani?"

"Mi nilikuwa najificha mu shamba ya kakao. Uso yake sikuiona." Jokébed alilikumbatia bakuli. "Ile siku banakata Mathe na panga, yeye ndiye alikuwa anabaambia benzake: pole-pole, haraka ya nini."

Mama Godelive alikifumba kipakiti kiganjani.

"Ile tupa mu choo, mama. Unishikie bakuli kidogo." Akachota kijiko, akala, akameza kwa shida. "Kila siku naanzaka mimi, juu nijue kama siku nitaweka ile sumu, na mimi nitakufa, Shalom atabakia yeye moja. Sasa uniache nirudie. Uji inapoa, na hajashiba."