Jioni Hapana

"Jioni hapana," Injinia alisema, akakiweka kikombe chini kwa nguvu hata chai ikaruka. "Asubuhi, mchana, hata Jumamosi, sawa. Jioni hapana."

Bi Maswali alibaki amesimama mbele ya meza. Alikuwa ameleta habari njema, akapokewa kama mleta msiba.

Jina hilo watu wa ofisi walimbandika wiki ya kwanza tu. Alikuwa mwanafunzi wa uhandisi wa majengo, amekuja kwa mafunzo ya vitendo, wakampa kuchemsha chai na kutoa nakala. Shangazi yake, ndiye aliyemlea, akamwambia, "Mwanangu, chai hata hapa kwangu unachemsha. Kaulize kazi ya ulichosomea. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo."

Akaenda, akauliza. Injinia alimkazia macho, kisha akamvutia kiti. Tangu siku hiyo walifuatana kwenye majengo, kofia ngumu ikimfunika binti hadi masikioni. Na kila Jumatatu, kabla wengine hawajafika, Injinia alimwekea hesabu mezani: nguzo hii itabeba uzito gani, boriti ile itapinda kiasi gani.

"Nakupima tu," alisema. "Nieleze polepole, kama unayemweleza mtu asiyejua kitu."

Akaeleza. Injinia alisikiliza amekunja uso, kalamu haitulii. Maksi hakumpa hata siku moja, naye binti hakudai.

Mafunzo yalipokaribia kwisha, Injinia alitaka kumwajiri. Bi Maswali nusura aruke kwa furaha, ingawa chuoni alibakiza mwaka mmoja. Akamwambia shangazi kwamba ataahirisha masomo.

Shangazi hakupandisha sauti. Aliendelea kukunja nguo. "Mimi niliahirisha masomo ya ukunga mwaka mmoja tu," alisema. "Mwaka wenyewe haujaisha mpaka leo, na mvi ndizo hizi. Kazi ya maana haikwambii ukate mguu ndipo ikupe kiatu."

Binti alilala na maneno hayo, akaamka na wazo: mchana kazini, jioni darasani. Chuo kikamkubalia. Hiyo ndiyo habari aliyomletea Injinia.

"Kwani jioni ina nini, bosi?" aliuliza sasa. "Ofisi huwa tupu. Wewe mwenyewe huwa kwenye vikao."

"Utachoka. Mwalimu wa jioni hufundisha huku anapiga miayo. Feni ni moja, nayo inakoroma kuliko wanafunzi. Na darasa zima ni watu wazima wanaosinzia."

"Umejuaje?"

"Watu husema." Injinia alifungua droo, akaifunga bila kutoa kitu. "Ngoja mwakani. Mwakani soma jioni zote unazotaka, hata lifti nitakupa. Mwaka mmoja ni kitu gani?"

Bi Maswali akavunjika moyo. Kumbe na huyu ni walewale wa "mwaka mmoja tu". Alimpenda mzee huyu, na kazi aliitaka kama mwenye kiu atakavyo maji. Lakini aliziona mvi za shangazi kana kwamba zimesimama pale mlangoni.

"Bosi, kama kazi haiwezi kuniachia jioni zangu nimalize shahada, basi bora niikose kazi," alisema.

Injinia akashusha pumzi, mabega yakashuka nayo.

"Kazi unayo," alisema. "Nenda hiyo jioni. Ila usije ukasema sikukukataza."

Siku ya kwanza ya masomo, Injinia alitoka mapema, akasema anawahi kikao. Bi Maswali alimaliza mchoro wake, akaenda chuoni mbio, akakuta mwalimu ameshaanza. Viti vyote vilikuwa vimejaa isipokuwa kimoja, safu ya nyuma kabisa, kando ya mtu aliyejifunika uso kwa kitabu.

"Samahani, hapa pana mtu?"

Kitabu kikashuka taratibu.

"Kaa upesi," Injinia alinong'ona, akimsogezea kiti. "Na humu ndani usiniite Injinia. Watacheka."